Vidole Vinane Kabla ya Magharibi

Wajukuu zangu, jana mliniletea simu mkanionyesha mstari wa buluu unaokata jangwa la Amerika kutoka hifadhi moja hadi nyingine, siku nne kwenda na kurudi, mkaniuliza kwa Kiingereza, "Babu, unaonaje?" Nikawajibu kwa Kiswahili kwamba ni mstari mzuri. Mkacheka, kwa sababu mlijua nina la kuongeza. Ninalo. Lakini lenyewe ni refu kuliko kikombe kimoja cha chai, nanyi mlikuwa na haraka, basi leo baada ya sala ya asubuhi nimekaa nikaliandika. Atakayeshindwa na maneno amwombe mama yake amsomee. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuwa na watu wa kuwaandikia.

Mnajua nilifanya kazi Digbeth, hapa Birmingham. Baadhi yenu mnadhani nilikuwa dereva, maana ofisi yetu ilikuwa hatua chache kutoka kituo cha mabasi ya safari ndefu. Sikuwa dereva. Nilikuwa mpanga njia. Palikuwa na klabu ya wenye magari, na mwanachama akitaka kusafiri alituandikia barua: natoka hapa, nataka kufika pale, tuko wanne, gari letu ni dogo. Sisi tulimjibu kwa kijitabu cha njia yake, yake peke yake. Ukuta mzima wa ofisi ulikuwa visanduku, na kila kisanduku kilikuwa na karatasi nyembamba za kipande kimoja cha barabara: kanisa kushoto, daraja jembamba, kilima kikali. Ulitembea kutoka kisanduku hadi kisanduku ukiokota vipande, ukavipanga, ukavifunga kwa uzi. Safari za ng'ambo hazikuwa na vipande. Hizo zilipangwa kwa ramani, kwa kigurudumu kidogo cha kupimia maili, na kwa barua nyingi kwa wenye nyumba za wageni.

Nilipotoka Kenya mwaka 1968 nilianzia pale kwa kufunga bahasha. Mkuu wetu alikuwa Mwingereza mwembamba aitwaye Bi Marjorie, aliyekuwa akichomeka penseli kwenye nywele zake na kuzisahau humo. Siku moja tulihesabu tano. Siku niliyomrudishia kijitabu nikamwambia kipande cha saba kimetangulia cha sita, alichomoa penseli moja kichwani, akanipa. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya kupandishwa cheo.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo simu yenu hailijui. Aliniambia, "Athmani, njia haipangwi kwa ajili ya dereva. Inapangwa kwa ajili ya yule atakayechoka kuliko wote ndani ya gari. Mtafute huyo kwanza." Basi kila barua ilipofika nilimtafuta huyo. Mara nyingi alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mara nyingine mama mkwe. Mara moja alikuwa mbwa mzee aliyehitaji kushuka kila saa, na safari yake ndiyo iliyosifiwa kuliko zote nilizopanga mwaka ule, kwa sababu watu nao walishuka.

Nilikosea pia, na sitawaficha. Familia moja niliipeleka kisiwani huko Scotland, nikawapangia wavuke kwa feri Jumapili asubuhi. Watu wa kisiwa kile hawakuwa wakiendesha feri siku ya ibada. Familia ikakaa gatini kutwa ikila biskuti. Bi Marjorie hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Katika watu wote wa ofisi hii, ni wewe uliyesahau kwamba kuna watu wanaosali?" Ningependelea anikaripie.

Majangwa yalifika mezani kwangu kwa sababu ya ziwa. Mteja mmoja alikuwa akienda Australia, na Bi Marjorie alikuwa amempangia chakula cha mchana kando ya ziwa kubwa la buluu.

"Hilo halina maji," nikasema.

"Umewahi kufika?"

"Hapana, Bi. Lakini tazama, mito inaingia na hakuna unaotoka. Nasi tunalo kama hilo kaskazini ya kwetu. Utapata chumvi tu, na upepo."

Akaandika barua kuuliza. Jibu likaja kwamba ziwa lile lilikuwa na maji mara ya mwisho enzi za baba yake mwandishi wa jibu. Tangu hapo kila barua yenye neno jangwa ililetwa kwangu. Katika Birmingham nzima, na mvua yake yote, mtu wa jangwa nikawa mimi. Kweli nilizaliwa Isiolo, pale lami ilipokuwa ikiishia na nchi kame ikianza, lakini sikuwahi kuonekana wa maana kwa sababu hiyo mpaka nilipofika Digbeth.

Sasa, kando ya meza yangu nilikuwa nimebandika karatasi ya nyakati za sala. Tuliipata kila mwezi msikitini, na msikiti wenyewe ulikuwa nyumba ya kawaida huko Balsall Heath iliyobomolewa kuta za ndani. Mwanzoni wenzangu waliiona pambo. Kisha mmoja akataka kujua jua litazama saa ngapi, ili mteja wake asivute karavani, ile nyumba ya magurudumu, gizani, nami nikamsomea wakati wa magharibi. Baada ya hapo ofisi nzima ikazoea. Mtu akiwa upande wa pili, simu sikioni, anaita, "Athmani, magharibi Alhamisi?" nami natazama ukutani namjibu. Waingereza wale walikuwa wakilitamka neno vizuri kabisa. Nilifurahi. Nadhani nilifurahi kupita kiasi, na karatasi ile ikawa kwangu kama jua lenyewe.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya sabini, mwezi wa sita, aliingia Singasinga mmoja mrefu, kilemba cha rangi ya chungwa, mguu mmoja akiuburuta kidogo. Hakuzungumza na mtu wa mbele. Alisimama katikati ya ofisi akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, "Mtoto wa Isiolo yuko wapi?"

Nikasimama. "Niko hapa, Mzee."

"Wewe ni kijana wa yule karani wa boma?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako alininyima kibali cha lori mara mbili." Akavuta kiti, akakaa. "Alifanya vizuri. Hiyo lori haikuwa na breki."

Huyo ndiye Mzee Gurdial. Aliendesha malori kutoka Isiolo hadi Moyale miaka mingi, kisha akaja Uingereza na mkewe, Mama Jasbir, na sasa alisimama kutwa mbele ya mashine katika kiwanda cha magari huko Longbridge. Muuza viungo mmoja wa mtaa wa Alum Rock ndiye aliyemwambia habari zangu.

Shida yake ilikuwa hii. Kiwanda kilifungwa wiki mbili kila kiangazi, wafanyakazi wote wakapumzika pamoja. Katika wiki mbili hizo alitaka kwenda California kumwona kaka yake, mkulima karibu na mpaka wa Arizona, ambaye hakuwa amemwona tangu ujana. Na kwa kuwa Mama Jasbir alikuwa ametamani jangwa tangu siku waliyoondoka Kenya, alitaka kuazima gari la kaka amzungushe siku nne, Jumanne hadi Ijumaa, kwenye hifadhi za taifa za jangwani: Korongo Kuu, na ile hifadhi ya miti ya kale iliyogeuka mawe.

"Jumamosi tunapanda ndege kurudi," akasema. "Jumatatu asubuhi lazima nisimame langoni Longbridge. Hiyo siku ndiyo naanza kazi ya stoo ya vifaa. Kazi ya kukaa, kijana. Nimeingojea miaka miwili kwa sababu ya hii goti. Nisipotokea, jina linalofuata linaitwa, na mimi narudi kusimama."

"Tutakurudisha, Mzee, inshallah."

"Masharti mawili. Karatasi iandike kwa Kiswahili. Mama ndiye atashika karatasi, na Kiingereza hasomi. Kiswahili alijifunza dukani kwa kusoma magunia. La pili, giza hapana. Macho yangu sasa yanaona taa moja kama tatu. Na Mama mpaka leo hajasahau ngamia."

"Ngamia yupi?"

"Wa njia ya Marsabit. Ngamia hana taa ya nyuma."

Nilimpangia safari ile kwa mapenzi kuliko zote. Tulikutana kila alipotoka zamu ya asubuhi, tukainama juu ya ramani ya Arizona, na bila kujua tukajikuta tumerudi barabara ya Moyale. Tuliandika mapipa mawili ya maji, springi mbili za akiba, mbao za kukwamulia gari mchangani, na majani ya chai ya wiki tatu. Bi Marjorie akaja akasoma orodha niliyomtafsiria.

"Athmani, njia hii ina lami."

"Kuanzia wapi, Bi?"

"Kote."

Mzee Gurdial akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba chakula ni bure. Tukafuta springi. Tukafuta mbao. Maji tukayaacha, na hapo nawaambia ninyi pia: lami haipozi mtu. Kila mmoja galoni moja kwa siku, na yawe mkononi, si kwenye buti chini ya mizigo. Saa za katikati ya mchana mtafute kivuli mkae. Na jioni msiendeshe kuelekea magharibi kama mnaweza kuepuka, maana jua linaingia machoni na hamwoni hata daraja.

Mpango wenyewe niliujenga kama siku ya mtu anayesali. Waamke alfajiri, waondoke jua likichomoza, adhuhuri iwakute wamepumzika, alasiri waondoke tena, na magharibi iwakute wameshafika. Nimeishi hivyo tangu nikiwa chuoni kwa Maalim wangu, na hakuna mpango mwingine unaoliweza jangwa. Jumanne niliwapangia wafike ukingoni mwa Korongo Kuu nusu saa kabla ya magharibi, ili Mama aone miamba ikibadilika rangi. Kisha ikabaki Ijumaa, siku ya kurudi kwa kaka. Katika njia ya jioni ile palikuwa na maili hamsini zisizo na petroli, na mwanzoni mwake kituo kimoja kidogo. Mwenye kituo alinijibu barua yangu kwa adabu: hana umeme wa nje, hufunga jua likizama, na hukaa mbali.

Nikainua macho ukutani. Ijumaa ile, magharibi, saa tatu na dakika kumi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mfike kituoni saa mbili na robo, mjaze tangi, mvuke maili hamsini kabla giza halijakolea." Bi Marjorie akapitia hesabu ya maili. Ilikuwa sahihi. Mzee akashukuru, akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

Nyinyi mmeshaliona kosa? Mimi sikuliona.

Waliondoka Jumamosi. Wiki mbili za safari yao nilikuwa nikitabasamu mezani peke yangu. Ijumaa ya mwisho nikaenda Balsall Heath kusali sala ya Ijumaa kama kawaida. Baada ya sala kukawa na ubishi mdogo mlangoni. Mtu mmoja alikuwa amekuja na karatasi ya nyakati kutoka London, imechapwa vizuri, ina maua pembeni, akapendekeza tuitumie hiyo badala ya yetu iliyopigwa chapa kwa mashine mbovu. Mzee Yusufu, baharia Myemeni aliyewahi kukaa Mombasa, ndiye aliyetutunzia nyakati. Akaishika karatasi ya London kwa vidole viwili kama kitu chenye majimaji.

"Nzuri," akasema. "Waachie watu wa London."

"Lakini tofauti ni dakika chache tu, Ami Yusufu."

"Chache kwako. Ukifungua saumu kwa jua la London, hapa Birmingham bado jua liko juu ya paa la jirani. Umeshinda na njaa bure. Jua la mahali ni la mahali pale, mwanangu. Huwezi kulibeba mkobani."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikafunga kamba ya kiatu kimoja. Nilipoinama kufunga cha pili, mikono ikasimama.

Nilikuwa nimelibeba jua la Birmingham mkobani mwa Mama Jasbir mpaka Arizona.

Hapa kwetu kiangazi mnajua jua linavyochelewa, watoto wanacheza nje hadi saa tatu usiku. Arizona iko kusini zaidi, na saa zao hawazisogezi mbele kiangazi. Nilikimbia maktaba, nikafungua kitabu cha nyakati za jua, nikakuta kule linazama karibu saa moja na dakika arobaini. Kituo kingekuwa kimefungwa nusu saa na zaidi kabla hawajafika. Wazee wawili, tangi tupu, giza ambalo Mzee aliliogopa, maili hamsini mbele. Wangelala njiani, wangekosa ndege ya Jumamosi, na Jumatatu jina linalofuata lingeitwa. Nami nilikuwa nimejifunza kwa Maalim, nikiwa na miaka minane, kupima alasiri kwa kivuli cha fimbo, palepale fimbo iliposimama. Mtu aliyefundishwa hivyo hakuwa na udhuru wowote.

Kule kulikuwa bado asubuhi, saa nane nyuma yetu. Jina la nyumba ya wageni waliyolala nilikuwa nalo kichwani. Nikaenda posta kupeleka telegramu, na kwa kuwa saa zangu hazikuaminika tena, sikuandika saa. Niliandika kwa kipimo ambacho kila dereva wa barabara ya Moyale alikijua, vidole vya mkono kati ya jua na ardhi: JUA LA KARATASI NI LA BIRMINGHAM. PIMENI KWA VIDOLE. JAZENI PETROLI LIKIBAKI VIDOLE VINANE. SAMAHANI. ATHMANI.

Karani wa posta akaisoma midomo ikicheza. "Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili."

"Arizona?"

"Yuko Mama mmoja pale atakayeisoma."

"Kama bado yupo," akasema, si kwa ubaya, akaanza kuhesabu maneno.

Kama bado yupo. Karatasi yangu iliwaambia waondoke jua likichomoza, na hilo nalo lilikuwa jua la Birmingham, la mapema kuliko lao. Huenda walikuwa njiani tayari telegramu ikiwa bado mkononi mwa karani. Nilirudi ofisini nikamweleza Bi Marjorie yote. Akachomoa penseli kichwani, akaitazama, akairudisha.

"Mimi nimepitia karatasi ile," akasema. "Na mimi ndiye niliyezoea kukuuliza magharibi. Kosa hili lina wenyewe wawili."

Jibu halikuja jioni ile. Halikuja Jumamosi, wala Jumapili. Bibi yenu, Mungu amrehemu, aliniwekea chakula akakiondoa. Niliomba kwa maneno yote niliyofundishwa na mengine niliyoyatunga. Na nilikuwa mtu wa dini, wajukuu zangu, niliyewahi kuwahubiria wengine subira, lakini siku tatu zile nilikwenda mlangoni kutazama barua hata saa ambazo tarishi hapiti.

Jumatatu nikapanda basi la kwanza hadi Longbridge. Asubuhi ya mawingu mazito, mvua nyembamba. Nikasimama kando ya lango. Wanaume wakaanza kumiminika kutoka mapumziko yao, mamia kwa mamia, kofia na makoti, nami nikitafuta rangi ya chungwa. Umati ukanenepa, kisha ukaanza kupungua. Nilihesabu vilemba vinne, hakuna chake. King'ora cha kwanza kikalia.

Kisha nikamwona, anakuja polepole na mguu wake, chupa ya chai kwapani, uso umeungua na jua hadi puani.

"Kijana," akasema. "Umekonda."

"Mzee, mmerudi."

"Si unaniona? Tulishuka jana. Ondoka njiani, kazi ya kukaa haingoji."

"Mlipata telegramu?"

"Tulipata. Mama hasafiri kabla ya kumaliza sala yake ya asubuhi, hata ungemwekea jua la wapi. Mwenye nyumba akatukuta mezani akaleta. Mama akaisoma mara mbili. Akacheka mpaka yule mwanamke akatoka jikoni kuuliza nani kaumia."

"Mbona hamkujibu?"

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi nilikuwa dereva tu." Alitazama juu kwenye wingu, akanyoosha mkono, akakunja kiganja, akatafuta jua, asilipate. "Hapa hata vidole ishirini havisaidii," akasema, akaingia langoni. King'ora cha pili kikalia, na goti lile lilikuwa ndani.

Jumamosi nilikwenda kwao Handsworth kumwomba Mama Jasbir radhi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo watu wote waliinamia kuisikia. Alinikalisha, akanipa chai yenye tangawizi, akangoja nimalize nusu kikombe.

"Jumanne," akasema, "karatasi yako ilitufikisha Korongo Kuu saa mbili na dakika arobaini. Nikasimama kwenye uzio. Mzee ananiambia, Mama, hapa ndipo lenyewe. Giza tupu. Nikamwambia sawa, lakini giza liko hata Handsworth, tungebaki."

"Nisamehe, Mama."

"Kwa shemeji tulikuwa na usingizi wa ndege, tunalala mapema, sikuangalia jua. Pale ukingoni ndipo nikajua umetupatia jua la Birmingham. Jumatano nikakaa ukingoni tangu alasiri mpaka nikaliona vizuri. Halafu karatasi nikaitengeneza."

Akaileta. Kila saa niliyoandika kwa mwandiko wangu mzuri ilikuwa imekatwa kwa penseli, na pembeni yake amechora vidole. Vidole vinne, wafike nyumba ya wageni. Vidole sita, waondoke kwenye miti ya mawe. Kwenye kituo cha petroli alikuwa amechora mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, vidole vinane, tangu Jumatano ile, siku mbili kabla ya telegramu yangu.

"Mlifika lini kituoni?"

"Vidole tisa. Mwenyewe alikuwa bado anakula."

"Basi mlikuwa mmeshajua. Kwa nini hamkuniambia, Mama? Siku tatu sikulala."

Akanijazia kikombe taratibu. "Mzee alitaka kujibu palepale. Nikamkataza. Nikasema, huyu kijana anasali vizuri na anaandika vizuri, ila anaamini ukuta wake kuliko dirisha. Akijibiwa leo atasahau kesho. Mwache siku tatu."

Mzee Gurdial alikaa kwenye stoo ile mpaka alipostaafu. Nami kila kijitabu cha jangwa kilichotoka mezani kwangu baada ya hapo kilikuwa na safu ya vidole pembeni. Bi Marjorie aliniuliza mara moja tu ni nini, nikampeleka dirishani siku ya jua nikamwonyesha, na tangu hapo alikuwa akinyoosha mkono kila jioni kabla ya kuvaa koti.

Kipimo ni hiki. Nyoosheni mkono mbele yenu, kunjeni kiganja kikielekea kifua, kidole cha mwisho kikae juu ya ukingo wa ardhi. Msilikodolee jua macho, tazameni vidole. Kila kidole kati ya ardhi na jua ni kama robo saa iliyobaki. Vikiwa vinane, mna saa mbili: jazeni tangi. Vikiwa vinne, muwe mnakaribia mahali pa kulala. Simu yenu itawaambia saa, nayo siku hizi inajua jua la kila mahali, sibishani nayo. Lakini jangwani simu huzimika, na mkono uko nanyi.

Mstari wenu wa buluu ni mzuri. Nendeni nao. Mtafuteni kwanza atakayechoka kuliko wote ndani ya gari. Kwa ninavyowajua, ni Zuhura. Na mkifika Korongo Kuu, kaeni ukingoni tangu alasiri, mtazame kwa niaba ya Mama Jasbir ile jioni moja niliyomkosesha.

Mkishafika salama mtanipigia. Mkichelewa siku mbili tatu sitawalaumu. Kungoja nilifundishwa na mwenye kujua.